Mtafute Anayengoja: Mafunzo Niliyopata Katika Maneno ya Kukawia ya Kiingereza cha Zamani

Nimefundisha fasihi ya Kiingereza kwa vijana wanaofikiri na kuota kwa Kiswahili, na katika kazi hiyo lipo fungu moja la maneno lililonishika kuliko mengine yote: maneno ya kukawia. Kiingereza cha zamani, kuanzia kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066 hadi kile cha Shakespeare na cha Biblia ya Mfalme James ya 1611, kimejaa maneno ya kuchelewa, kusita, kuzuia, kungoja na kujikokota. Mengi yamekufa. Mengine yangali hai lakini yamegeuka, na msomaji anayeyapokea kwa sura yake ya leo huongozwa kombo. Nimeyafuata katika kamusi za historia, katika tamthilia, katika sheria na katika Maandiko, na yamenifundisha kwamba neno la kukawia halieleweki mpaka ujue ni nani anayengoja, na ni nani anayemngojesha. Mafunzo haya yote yametoka katika swali hilo.

1. Neno la haraka halidumu na haraka yake

Leo "soon" ni neno la mtu asiyetaka kubanwa: jambo litafanyika, si sasa, ila si mbali. Kabla ya 1066 neno hilo hilo, likiandikwa "sona", lilimaanisha papo hapo, na wafasiri wa Injili wa enzi hizo walilitumia pale Kilatini kiliposema mara moja. "Anon" lilitokana na maneno mawili yenye maana ya "katika moja", yaani kwa mkupuo mmoja bila nafasi katikati. Likaishia kuwa baadaye kidogo. "Presently" lilikuwa sasa hivi, likawa baada ya punde. "By and by" lilikuwa papo kwa papo, likawa siku fulani huko mbele. "Belive", la Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, lilibeba ndani yake neno la uhai, likimaanisha kwa wepesi wa kitu kilicho hai. Nalo likapoa, likawa "si muda mrefu ujao".

Karne ni tofauti na chanzo cha kila neno ni tofauti, lakini mwendo ni ule ule. Sababu yake naiona kwa msikilizaji. Kila mara mtu anapoahidi papo hapo kisha akakawia, anayengoja hujifunza kupima upya, na kipimo chake kipya ndicho kinachorithiwa na watoto kama maana ya neno. Kondakta akinadi kwamba gari linaondoka sasa hivi ilhali nusu ya viti ni vitupu, abiria habishani naye, anahesabu viti. Waingereza walihesabu viti kwa miaka mia kadhaa, na kamusi zao zikaandika hesabu hiyo.

Shakespeare aliliweka jambo hili jukwaani. Katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, iliyochapishwa 1598, yupo kijana mhudumu wa baa huko Eastcheap, London, aitwaye Francis. Mwanamfalme anamshika kwa mazungumzo katika chumba kimoja, huku rafiki yake Poins akimwita kutoka chumba kingine. Kijana anajibu "anon" tena na tena, wala hatoki aliposimama. Watazamaji hucheka, na kila kicheko kinaliondolea neno hilo nguvu yake kidogo. Mimi humwonea huruma Francis, kwa sababu hana uongo moyoni. Ana wakubwa wawili, na neno la haraka ndilo kitu pekee anachoweza kumpa yule ambaye hawezi kumfikia. Nadhani maneno mengi ya aina hii yalichakaa mikononi mwa watu kama yeye, waliotakiwa kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

2. Soma tendo kabla ya kusoma neno

Katika Biblia ya Mfalme James, Marko 6:25, binti wa Herodia anamwomba Herode kichwa cha Yohana Mbatizaji, naye anataka apewe "by and by". Msomaji wa leo akilichukua neno hilo kwa maana yake ya sasa, atamwona binti mpole anayeomba kitu kwa siku nyingine. Lakini tazama matendo: aya hiyo hiyo inasema aliingia kwa haraka, na mfalme akamtuma askari palepale. Binti alisema sasa hivi, na Biblia ya Kiswahili imemsikia vizuri. Ukatili wa kisa kile umo katika kutongoja: akipewa Herode usiku mmoja wa kufikiri, huenda angebadili nia kabla upanga haujatoka alani.

Mfano wa pili ninaupenda zaidi, na ndio ninaoanza nao kila nikiingia darasani na Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1963. Katika tendo la nne Brutus anamuuliza kamanda mwenzake, Cassius, maoni yake kuhusu kwenda Filipi "presently". Ukisoma "baada ya muda kidogo", mabishano yanayofuata hayana kichwa wala miguu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Sasa Mwalimu, hawa wanabishania nini, kama wote wanataka kungoja?" Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Brutus anataka jeshi ling'oke mara moja. Cassius ndiye anayetaka kungoja: adui awafuate, achoshe askari wake, amalize akiba yake, huku wao wamepumzika. Brutus anajibu kwamba wenyeji wa njiani hawawapendi na wataongeza nguvu za adui, na kwamba wao wenyewe wamefika kileleni, kuanzia hapo ni kuteremka tu. Wakaenda, na huko Filipi, mwaka 42 kabla ya Kristo, wakashindwa na kufa. Hatima ya tamthilia nzima imepanda juu ya neno moja la wakati.

Tangu hapo nimeshika kanuni: nikikutana na neno la wakati katika maandishi ya zamani, natazama kwanza miguu ya watu. Je, wanainuka? Wanakaa? Wanatuma mjumbe? Miguu haibadiliki maana karne kwa karne.

3. Nyuma ya mchelewaji yupo mcheleweshaji

"Late" la leo linahusu saa: mtu amefika baada ya muda uliopangwa. Asili yake, "læt", lilihusu mwendo wenyewe: mzito, asiye na kasi. "Last", wa mwisho, lilikuwa daraja la juu kabisa la neno hilo hilo, kwa hiyo aliye wa mwisho alikuwa, kwa maana ya kwanza, yule mzito kuliko wote. Hapo lawama yote imemwangukia anayetembea.

Lakini katika ukoo huo huo kilizaliwa kitenzi, "lettan", kumfanya mtu awe mzito, yaani kumkwamisha. Kikawa "let". Wakati huo huo palikuwapo "let" nyingine, yenye maana ya kuruhusu. Maneno mawili yaliyokinzana yakaja kutamkwa sawa, na lugha haikuweza kuyabeba yote mawili kwa muda mrefu. La kuzuia likasalimu amri. Mwaka 1611 lilikuwa bado na nguvu: katika 2 Wathesalonike 2:7, Biblia ya Mfalme James inalitumia kwa yule anayezuia, na msomaji wa leo asiyejua historia hiyo atamgeuza mzuiaji kuwa mwenye kuruhusu. Siku hizi limebaki katika vichochoro. Limo katika maneno ya pasipoti ya Uingereza, yanayoomba mwenye kitabu aachwe apite bila kizuizi. Limo katika tenisi, pale mpira wa kuanzisha unapogusa wavu na pigo likarudiwa.

Kunanihuzunisha kufa kwa kitenzi hiki, kwa maana kilikuwa na haki ndani yake. Kilikumbusha kwamba wengi wanaoitwa wachelewaji wamecheleweshwa. Mwanafunzi anayefika baada ya kengele kwa sababu alikwenda kuteka maji kabla ya jua kuchomoza anaandikwa kwenye daftari kwa jina lake. Yaliyomkwamisha hayana safu katika daftari hilo. Mtu wa karne ya 10 alikuwa na mzizi mmoja wa kuyasema yote mawili, na sikio lake lilisikia undugu wao.

4. Uzito si dhambi, ingawa neno lilifundishwa kusema hivyo

"Slow" halikuanza kama kipimo cha kasi. "Slaw" wa zamani alikuwa mtu mvivu, mzito wa akili, asiyeamka. Kutokana nalo likaundwa, kufikia karne ya 12, neno "sloth", na Kanisa likalitwika mzigo wa mojawapo ya dhambi saba. Dhambi hiyo kwa Kilatini iliitwa acedia, nayo ilianzia mbali na uvivu wa mikono: ilikuwa uchovu wa roho uliowapata watawa wa jangwani, pale sala ilipokosa ladha na mchana ukaonekana hauishi. Chaucer, mshairi wa karne ya 14, katika hadithi ya Paroko, bado anaieleza kama ugonjwa wa moyo, uchungu unaomfanya mtu ashindwe kutenda mema. Kadiri siku zilivyopita, maana ikateremka kutoka rohoni hadi mikononi, na huzuni ikasahauliwa. Karne ya 17 ilipoanza, Waingereza walimpa jina hilo mnyama wa misitu ya Amerika anayening'inia mitini, wakiwafuata Wareno waliokwisha kumwita uvivu kwa lugha yao.

Funzo nililolichukua hapa linahusu watu ninaowafundisha. Ajizi ni nyumba ya njaa, wazee wetu wamesema, na wamesema kweli. Lakini si kila mzito ni ajizi. Biblia ile ile ya 1611 inatumia "slow" kwa sifa: Yakobo 1:19 anamtaka muumini awe mzito wa kusema na mzito wa kukasirika, na Mungu mwenyewe katika Zaburi 103 anasifiwa kwa kutoharakisha hasira. Uzito wa kukasirika unamlinda yule ambaye angepigwa. Kwa hiyo swali linarudi: nani anangoja? Anayengoja msaada anaumizwa na mwendo wa pole. Anayengoja adhabu anaokolewa nao.

5. Makao yalizaliwa na kukawia

Kiingereza cha leo kinasema "dwell" kwa kuishi mahali. Neno hilo lilianza likiwa na maana ya kumpoteza mtu njia. Kisha, kwa msukumo wa lugha ya Wanorse waliohamia Uingereza, likawa kukawia. Na kuanzia karne ya 13 likawa kuishi. Yaani aliyepotea akasimama, aliyesimama akakaa, na aliyekaa akawa mwenyeji. "Abide" nalo lilikwenda karibu na njia hiyo: kungoja, kisha kudumu, kisha kukaa. "Linger" limetoka kwenye urefu, likiwa na maana ya kurefusha kukaa. Na lipo moja lililokufa ambalo bado linanishangaza, "ieldan", lililotokana na neno la uzee: kuahirisha jambo kulikuwa kulizeesha. Mtunzi wa shairi la kale la Beowulf analitumia kwa Grendel anapoingia ukumbini usiku; zimwi lile, asema, halikufikiri kukawia.

Nimeishi katika miji ambayo nilifika kwa nia ya kupita tu, kwa hiyo historia ya "dwell" naiamini bila kushawishiwa. Inafundisha kwamba kukawia si utupu kati ya matukio mawili. Ndoa, urafiki, biashara na makaburi ya wapendwa wetu vimeota katika siku tulizodhani ni za kungojea kitu kingine.

6. Muda hutolewa na hunyang'anywa

Sheria ya Uingereza ya zama za kati ilikuwa na neno "essoin", udhuru halali wa kutofika mahakamani. Kitabu kinachobeba jina la Glanvill, cha miaka ya mwisho ya Mfalme Henry II, kati ya 1187 na 1189 hivi, kinazipanga nyudhuru hizo kwa aina: dharura ya njiani, ugonjwa wa kitandani, kuwa ng'ambo ya bahari, utumishi wa mfalme, hija ya Nchi Takatifu. Mdaiwa akidai ugonjwa wa kitandani, watu wanne wenye cheo cha "knight" walitumwa kwenda kumwona. Wakikuta kweli yu hoi, alipewa mwaka mmoja na siku moja. Ulikuwa mfumo wenye utu, maana ulikubali kwamba barabara hufurika na miili huugua. Ulikuwa pia mlango wa hila, kwa kuwa mwenye shamba la mtu hakuwa na haraka ya kupona.

Ndiyo maana Magna Carta ya 1215, katika kifungu cha 40, inaweka mambo matatu sawasawa: mfalme hatamuuzia mtu haki, hatamnyima, wala hatamcheleweshea. Mwandishi wa kifungu hicho alijua kwamba njia ya tatu inafika pale pale inapofika ya pili. Karne sita baadaye Dickens aliandika riwaya ya Bleak House, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1852 na 1853, juu ya shauri la mirathi ambalo gharama zake ziliila mirathi yote.

Nilizielewa kurasa hizo kwa moyo nilipokuwa nikimsindikiza shangazi yangu kwenye shauri la shamba. Siku ya kusikilizwa iligeuka kuwa siku ya kutajwa, na siku ya kutajwa ikazaa nyingine. Shangazi alikuwa akitoka nyumbani alfajiri na kanga yake nzuri. Upande wa pili ulimleta wakili kuomba tarehe. Kila ahirisho lilikuwa na sababu yake, na kila moja, likisimama peke yake, lilionekana dogo. Mavuno ya shamba hayakuwa yakiahirishwa.

Lakini muda hutolewa pia kwa wema. Waskoti walikuwa na "frist", neno la zamani lenye maana ya muda, likatumika kwa kumpa mtu nafasi na pia kwa kumkopesha. Mwenye duka anayekupa unga leo na kungoja malipo mwisho wa mwezi amekupa vitu viwili, unga na muhula. Safari hii anayengoja amechagua kungoja, na hapo kukawia kunakuwa zawadi. Shangazi hakuchagua.

7. Huwezi kuchelewa kwa dakika ambazo hakuna anayezihesabu

Chaucer alimwandikia mwanawe Lewis, mtoto wa miaka 10, kitabu kuhusu chombo cha kupimia nyota, mwaka 1391 hivi. Humo anataja kipimo cha wakati kiitwacho "mileway", muda wa kutembea maili moja, na anaeleza kwamba tatu kati yake hufanya saa moja. Kwa jambo fupi zaidi watu walitumia mwendo wa "furlong", dakika mbili na nusu hivi, au muda wa kusali Baba Yetu. Wakati ulipimwa kwa mwili: miguu na ulimi. Katika hesabu hiyo anayengoja na anayengojewa walikuwa na kipimo kimoja, kwa kuwa wote wana miguu.

Saa za mashine zilikuwapo tayari, lakini mkono wa dakika ulienea baada ya Mholanzi Huygens kubuni saa ya pendulamu mwaka 1656, na ni katika karne hiyo "punctual" lilipoanza kumsifu mtu anayetimiza wakati. Kisha likaja garimoshi. Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika 10 hivi kulingana na jua, na hapakuwa na ubaya wowote katika hilo hadi reli ya Great Western ilipoanza kutumia saa ya London mwaka 1840. Jiji zima likajikuta liko nyuma bila mtu yeyote kupunguza mwendo. Saa ya soko la nafaka la Bristol ina mikono miwili ya dakika hadi leo. Sheria iliifanya saa ya Greenwich kuwa ya nchi nzima mwaka 1880. Hivyo nikisikia kabila au taifa likiitwa la wachelewaji, nauliza kwanza ni saa ya nani iliyotundikwa ukutani.

8. Kungoja kwa makusudi ni kazi

Jenerali Fabius wa Roma aliepuka vita vya uso kwa uso na Hannibal wa Karthago mwaka 217 kabla ya Kristo, akamfuata na kumchosha. Warumi walimwita Mkawiaji kwa dharau. Walipoacha mbinu yake mwaka uliofuata, waliangamizwa na Hannibal huko Cannae, na jina lile likageuka kuwa heshima. Kiingereza kilichukua kutoka Kilatini neno "cunctation", kukawia, na mwaka 1884 wasoshalisti wa London waliotaka mabadiliko ya hatua kwa hatua wakakiita chama chao Fabian. Mawazo ya chama hicho yalimfikia Nyerere alipokuwa masomoni Edinburgh. Fabius anastahili sifa kwa sababu alijua anangoja nini, na alibeba mwenyewe aibu ya kungoja.

9. Neno huhifadhiwa na anayelidai

Kuna maneno ya haraka ambayo hayakupoa. "Forthwith" ni la zama za kati, lakini hadi leo hakimu wa Uingereza akiliandika katika amri, hakuna anayelisikia kama siku nyingine. Mahakama zimelazimika mara nyingi kueleza linadai nini katika jambo hili au lile, zikikubali kwamba kila tendo lina muda wake wa lazima. Kwa kubishaniwa huko limebaki na makali. Naamini "anon" na "presently" yaliteleza kwa sababu aliyengojeshwa alinung'unika tu kisha akazoea, ilhali "forthwith" lilisimama kwa sababu aliyengojeshwa aliweza kusimama mbele ya mtu na kusema: uliahidi, na muda umepita.

Hapo ndipo maneno haya ya watu wa mbali yanaponigusa mimi na wanafunzi wangu. Kiswahili chetu kina ahadi zake za haraka, na kila siku tunaziongezea nguvu au tunazipunguza. Ofisi inayosema shughuli yako inashughulikiwa, mzazi anayesema kesho, mwalimu anayesema nitasahihisha wiki hii, wote wameshika lugha mkononi, na yule anayewangoja anajifunza kwao maana ya maneno. Nawataka vijana wangu wamtafute mtu huyo katika kila ukurasa wanaousoma, kisha wamtafute katika kila ahadi wanayoitoa. Na wakiwa wao ndio wanaongoja, nawataka wadai, kwa adabu na bila kuchoka, kwa sababu sasa hivi itaendelea kuwa sasa hivi kwa muda ule tu ambao kuna mtu anayekataa kuizoea maana nyingine.